Je, hesabu zinaweza kuiona Zanzibar ya 2050?

Swali

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika skuli ya sekondari, Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamegawanyika pande mbili. Mmoja amekuja na habari ya msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 2010 kwamba nchi yake itaingia katika vurugu kufikia 2020, na ikawa. Anasema basi hesabu zinaweza kutabiri mustakbali wa watu kama zinavyotabiri kupatwa kwa jua. Mwenzake kamjibu kwamba hiyo ni ramli ya kompyuta, na ghaibu anaijua Mungu peke yake. Nimewaahidi jibu. Yupi tumfuate? Na kwa hapa kwetu, tunaweza kupiga hesabu tukajua Zanzibar ya 2050 itakuwaje?

Jibu

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu vijana wanaofikia kugombana juu ya hesabu wanastahiki zaidi ya jibu la mistari miwili.

Mwanafunzi wa kwanza ameteleza pale alipotaja kupatwa kwa jua. Kinamama wanaolima mwani, Paje au Pemba, wanajua bamvua lijalo, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, litaangukia siku gani, na mtaalamu anaweza kukupa la mwaka 2050 bila ya shida kubwa. Inawezekana kwa sababu jua na mwezi ni vitu vichache, kanuni zao hazibadiliki, na hata ukitangaza redioni kwamba kesho maji yatajaa saa kumi, mwezi hausikii.

Watu wanasikia. Likienea neno sokoni Darajani kwamba sukari itaadimika kabla ya Ramadhani, aliyezoea kununua kilo mbili atabeba kumi, na baada ya siku chache sukari imeadimika kweli, hata kama bohari zilikuwa na mzigo wa kutosha. Utabiri umejitimiza wenyewe. Na upo unaojivunja. Machi 2020 watafiti wa Imperial College London walikadiria kwamba Uingereza ingeweza kupoteza watu wapatao 510,000 kwa korona iwapo hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Hatua zikachukuliwa, watu wakajifungia majumbani, na idadi ile haikufikiwa. Wengi wakasema wataalamu wamekosea. Walikuwa wameisoma namba wakaliacha sharti lake, na bila ya sharti namba ile haina maana.

Kwa hiyo ukiniuliza hesabu zinaweza nini kuhusu jamii za watu, jibu langu ni hili: zinaweza kutuambia, kwa uhakika unaotofautiana sana, kwamba likiendelea hili litafuata lile. Na uhakika huo unakuwa mkubwa pale ambapo jambo lenyewe limeshaanza, limeshazaliwa au limeshapandwa, na kilichobaki ni kulihesabu tu. Ukitaka kupima modeli yoyote utakayoletewa, yaani hesabu inayojaribu kuiga jambo la kweli, anza kuuliza hapo.

Chukua idadi ya watu, maana takwimu zake tunazo na wanafunzi wako wanaweza kuzishika wenyewe. Sensa ya 2002 ilihesabu Zanzibar watu 981,754. Ya 2012 ikahesabu 1,303,569. Ndani ya miaka kumi tuliongezeka kwa karibu theluthi moja. Sasa mtu aliyekaa na kalamu yake mwaka 2012 akasema miaka kumi inayokuja itakwenda kama ile iliyopita, angepata kwamba 2022 tutakuwa kiasi cha milioni 1.73. Sensa ya 2022 ikaleta 1,889,773. Amepungukiwa na watu karibu 160,000, kwa utabiri wa miaka kumi tu, juu ya jambo ambalo serikali inalihesabu mtu kwa mtu. Fomula yake ilijua kuzidisha, lakini haikujua lolote juu ya uzazi, juu ya watoto wanaopona siku hizi, wala juu ya vijana wanaovuka kutoka Bara kufuata kazi za hoteli na ujenzi.

Ukitaka darasa licheke na lielewe kwa pamoja, waambie waichukue kasi ya 2012 hadi 2022 waiendeleze miaka mia. Watapata watu wapatao milioni 77 mwaka 2122. Unguja na Pemba pamoja hazifiki kilomita za mraba 2,700, kwa hiyo kila kilomita moja ingebeba watu karibu 29,000, msitu wa Jozani na wa Ngezi ukiwemo. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa limo katika kudhani kwamba kasi ya leo ni kanuni ya maumbile.

Kosa hilo limewafika mabingwa. Mwaka 1920 Raymond Pearl na Lowell Reed, wanasayansi wa Marekani, walitafuta mlinganyo wa kueleza ongezeko la watu wa nchi yao. Walipata mkunjo mzuri sana, ule unaoanza taratibu, ukapanda kwa kasi, kisha ukalala. Pierre Verhulst wa Ubelgiji alikuwa ameshauandika tangu 1838. Mkunjo ule ulilingana na sensa zote za Marekani kuanzia 1790 hadi 1910, karibu bila ya kupishana. Ukasema watu wa Marekani wataishia milioni 197 na hawatazidi. Kufikia mwaka 1967 walishapita milioni 200, na leo wamezidi milioni 330. Tafadhali, Mwalimu, litilie mkazo hili mbele ya darasa: modeli inaweza kuyaeleza yaliyopita kwa miaka 120 bila ya kosa la maana, na bado ikakosea juu ya yajayo. Modeli kulingana na data za zamani ni mtihani mwepesi. Ukiwa na mlinganyo wenye vigezo vya kutosha, yaani namba unazoweza kuzirekebisha, unaweza kuulinganisha karibu na kitu chochote.

Wanademografia wa leo, wataalamu wa idadi ya watu, hawafanyi hivyo tena. Wanawagawa watu kwa umri na jinsia, kila kundi la miaka mitano peke yake, kisha wanalisogeza mbele: wangapi watafariki, wanawake wa umri gani watazaa wangapi, wangapi watahama. Uzuri wa njia hii ni kwamba sehemu kubwa ya jibu imeshazaliwa. Kila Mzanzibari atakayekuwa na miaka 30 mwaka 2050 yuko duniani sasa hivi, anasoma au anakaribia kuanza kusoma. Idadi ya watu wazima wa 2050, ukiwaacha wahamiaji, inajulikana kwa kiasi kikubwa. Idadi ya watoto wa 2050 haijulikani hivyo, maana inategemea uamuzi wa wasichana ambao leo wamo darasani mwako.

Tofauti hiyo, ya jambo lililokwisha kuanza na lile ambalo bado, sisi tunaijua kwa karafuu kuliko kwa kitu chochote. Wewe uko Wete, huna haja ya kuelezwa mkarafuu. Lakini tazama mambo mawili yaliyoipata karafuu yetu.

La kwanza ni kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872. Kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikaponea. Kabla ya siku ile, shamba kubwa la karafuu lilikuwa Unguja. Baada yake mizani ikahamia Pemba na haikurudi tena mpaka leo. Mwanahesabu wa 1871, hata angepewa takwimu za kila shamba, kila mtumwa na kila jahazi la Sayyid Barghash, asingeweza kuliona hilo. Tukio moja la siku moja liligeuza uchumi wa visiwa viwili kwa zaidi ya karne. Modeli hazina dawa ya mambo ya namna hii. Kitu wanachoweza kufanya watu wa hesabu ni kukwambia kwamba uchumi unaotegemea zao moja katika kisiwa kimoja ni dhaifu, bila ya kukutajia siku utakayoanguka.

La pili ni bei iliyoporomoka miaka ya 1980. Karafuu nyingi za Zanzibar zilikuwa zikienda Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Waindonesia wakaona wanatoa fedha nyingi nje kwa kitu wanachoweza kukipanda wenyewe, wakapanda. Mkarafuu unaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi, na unachukua muda zaidi kufikia mavuno ya kuridhisha. Maana yake ni kwamba miche ya Indonesia ilikuwa ardhini, inaonekana, inahesabika, miaka mingi kabla ya bei kuanguka. Hapa hesabu ya kawaida kabisa, eka ngapi mara miti mingapi mara kilo ngapi, ingetosha kusema kwamba mteja wetu mkubwa anakaribia kuacha kununua.

Mwenendo huu hauihusu Indonesia peke yake. Kila zao la miti lina ugonjwa huo: bei ikipanda wote wanapanda, miaka saba baadaye wote wanavuna pamoja, bei inaanguka, watu wanaiacha mikarafuu ife au wanaikata kuni, kisha karafuu inaadimika na bei inapanda upya. Wanauchumi wana modeli yake ya siku nyingi. Haisemi bei ya mwaka fulani itakuwa ngapi, lakini inasema bei nzuri ya leo ndiyo inayotengeneza bei mbaya ya kesho. Mimi naiona kuwa miongoni mwa modeli za jamii zenye manufaa zaidi kuliko zote, na inaweza kufundishwa ubaoni kwa dakika arubaini.

Nikupe na mfano wa modeli iliyofanya kazi hapahapa, kwa sababu sitaki vijana waondoke wakidhani kila modeli ni ya kukosea. Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu, alikaa baadaye akaandika milinganyo ya ugonjwa ule. Milinganyo yake ikampa jambo ambalo wengi hawakulitarajia: huhitaji kumaliza mbu wote. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa anaambukiza kwa wastani chini ya mtu mmoja, na ugonjwa unakufa wenyewe. Ukiacha kabla ya kuumaliza, mbu wakarudi, na ugonjwa unarudi. Zanzibar ilifanya kampeni kubwa ya kupiga dawa majumbani kuanzia 1957. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasimama, na malaria ikarudi kama milinganyo inavyosema.

Awamu ya pili, iliyoanza kwa dawa mpya za mseto mwaka 2003 na kufuatiwa na vyandarua na upigaji dawa, ilishusha maambukizi mpaka chini ya asilimia moja ya watu. Hapo likaja swali la kweli: tunaweza kuimaliza kabisa? Mwaka 2009 watafiti walitumia kumbukumbu za simu za mkononi za Zanzibar, majina yakiwa yameondolewa, kuona watu wanavuka kwenda wapi na wanakaa siku ngapi. Walikuta kwamba wengi wanakwenda Dar es Salaam kwa muda mfupi na hatari yao ni ndogo. Walio wachache, wanaokwenda mbali zaidi Bara na kukaa muda mrefu kwenye mikoa yenye malaria nyingi, ndio wanaorudi na sehemu kubwa ya vimelea. Hakuna aliyetabiri fulani ataugua. Lakini serikali ikajua kwamba kupiga dawa Unguja na Pemba peke yake hakutoshi madhali boti inakwenda na kurudi kila siku. Hiyo kwangu ni kazi ya hesabu katika jamii: kumwonesha mwenye kuamua mlango ulioachwa wazi.

Sasa huyo msomi wa Marekani. Anaitwa Peter Turchin, na alianza maisha yake ya kazi kwa kuchunguza kupanda na kushuka kwa idadi ya wadudu wanaoangamiza misonobari. Kutoka hapo akahamia kwa binadamu na hesabu zake zilezile. Wanafunzi wako watafurahi kusikia kwamba moja ya nguzo za kazi yake ni Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeandika mwaka 1377 kwamba dola huinuka kwa asabia, ule mshikamano wa watu wanaojiona wamoja, kisha huchoka ndani ya vizazi vitatu hivi wakubwa wanapozoea raha. Turchin alijaribu kuigeuza asabia iwe kigezo ndani ya mlinganyo. Mwenzake Jack Goldstone alikuwa ameshaonesha mwaka 1991 namna idadi ya watu, fedha za serikali na ushindani wa wakubwa vinavyoungana kuzaa mapinduzi.

Februari 2010, katika jarida la Nature, Turchin aliandika barua fupi kwamba muongo unaokuja huenda ukawa wa misukosuko inayoongezeka Marekani na Ulaya ya magharibi. Alitaja sababu: mishahara ya watu wa kawaida imesimama, wenye digrii na fedha wanaogombea nafasi za juu ni wengi kuliko nafasi zenyewe, na deni la serikali linakua. Mwaka 2020 maandamano makubwa yakaenea Marekani, na tarehe 6 Januari 2021 bunge lao likavamiwa.

Nampa heshima kubwa kwa jambo moja: aliandika kabla, hadharani, akaweka tarehe. Wachache wanathubutu. Lakini mwambie mwanafunzi wako atazame kwa makini kilichoandikwa. "Misukosuko" ni neno pana, na miaka kumi ni muda mrefu. Hakutaja ugonjwa uliofunga dunia, wala kifo cha George Floyd kilichowasha maandamano. Halafu sehemu ya hoja yake ilisimama juu ya mzunguko wa miaka hamsini: vurugu za 1870 hivi, za 1920, za 1970, kwa hiyo 2020. Zile za 1820, ambazo zingepaswa kuwepo, hazikuonekana. Mara tatu ni chache mno kuitwa kanuni. Sehemu yake iliyo na nguvu ni ile ya sababu, kwa kuwa wasomi waliokosa nafasi walikuwa wameshasomeshwa na mishahara ilikuwa imeshasimama. Sehemu iliyo dhaifu ni ile ya tarehe.

Wapo wengine waliokuwa na unyenyekevu zaidi. Goldstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 modeli ya kutambua nchi zitakazoingia katika vita vya ndani au kuporomoka ndani ya miaka miwili. Ilikuwa na mambo manne tu: aina ya utawala, vifo vya watoto wachanga, vita kwa majirani, na ubaguzi unaofanywa na dola. Ikapata usahihi wa zaidi ya asilimia 80. Namba hiyo inalewesha, basi ifanyeni darasani. Chukueni nchi 150, mseme kwa mfano nne kati yake zitaporomoka kweli. Modeli yenye usahihi wa asilimia 80 kwa pande zote itazikamata tatu kati ya hizo nne. Lakini itazikosea pia asilimia 20 ya zile 146 salama, yaani 29. Utapewa orodha ya nchi 32 na humo zenye balaa ni tatu. Orodha hiyo inafaa kwa mtu anayepanga wapi apeleke wapatanishi na chakula cha akiba. Haifai hata kidogo kwa mtu anayetaka kuinyooshea nchi moja kidole, na anayeitumia hivyo anaweza kuwatisha wawekezaji na kuleta lile alilolihofu.

Kuhusu ghaibu, mimi si mwanachuoni wa dini na hilo nawaachia wenyewe. Naweza kusema tu jinsi kazi yetu watu wa hesabu ilivyo. Mpiga ramli anakupa jibu na hakuoneshi njia, na akikosea hana cha kurekebisha. Sisi tunalazimika kuweka mezani kila dhana, kila takwimu, kila hatua, ili hata mwanafunzi wa Wete aweze kusema hapa mmekosea. Anayedai kujua kitakachotokea, awe na kompyuta au na mchanga wa ramli, huyo mwanafunzi wako wa pili amemkataa kwa haki.

Na 2050? Serikali ina Dira yake ya Maendeleo ya 2050, na kila ukurasa wa dira ya aina hiyo unahitaji kujua watu watakuwa wangapi. Hesabu yangu ya haraka, ya kuzidisha tu, inakwenda hivi. Tukiendelea kwa kasi ya 2012 hadi 2022, tutakuwa kiasi cha milioni 5.3. Tukirudi kwenye kasi ya 2002 hadi 2012, milioni 4.2. Ongezeko likishuka mpaka asilimia 2 kwa mwaka, milioni 3.3. Tofauti ya juu na chini ni watu milioni mbili, zaidi ya Wazanzibari wote waliohesabiwa 2022. Anayekutajia namba moja ya 2050 bila ya kukwambia imetoka kwenye dhana gani, usimkubali. Lakini tazama pia kwamba hata ile ndogo kabisa inatukaribisha kuzidi milioni tatu katika ardhi ileile na maji yaleyale ya chini ya ardhi. Juu ya skuli, visima na nyumba za ghorofa, hatuna haja ya kungoja tujue ipi kati ya tatu itakuwa kweli.

Nakupendekezea zoezi. Wape wanafunzi idadi ya watoto wa kila darasa katika skuli yenu na za msingi zinazokuleteeni wanafunzi, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kwa miaka yote ambayo rejista zipo. Watafute ni sehemu gani ya darasa la tano huvuka hadi la sita, la sita hadi la saba, na kuendelea, wavulana na wasichana mbalimbali. Kwa uwiano huo wakadirie kidato cha nne kitakuwa na wangapi mwaka ujao, miaka mitatu mbele, na miaka kumi na mbili mbele. Watagundua wenyewe kwamba makadirio mawili ya kwanza yanahusu watoto waliokwisha kuandikishwa, na la tatu linahusu watoto ambao hata darasa la kwanza hawajaingia. Waandike namba tatu kwa kila kadirio, ya chini, ya kati na ya juu, na chini yake waandike dhana zao. Mwakani mwezi kama huu fungueni rejista mpya mkalinganisha la kwanza, na aliyekosea aeleze mbele ya wenzake ni dhana gani iliyomwangusha.